Muuguzi Mstaafu

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kazi zinakwenda na unakula, maana nakujua wewe, ukishika kazi tumbo unalisahau. Sisi huku hatujambo kiasi. Mgongo wangu ni uleule, asubuhi unalalamika, ukipata jua unanyamaza. Mama mdogo wako hajambo, yuko hapa kibarazani kwenye cherehani yake, anashona huku anachungulia ninachoandika, na nimeshamwambia apunguze umbea. Anasema nikupigie kwa simu yake, barua ni mambo ya kale. Lakini masikio yangu unayajua. Kwenye simu mimi nasikia kama mtu anakaanga samaki. Heri dereva wa basi, leo namkabidhi, kesho unaisoma.

Huku mvua imeanza, na homa imekuja nayo. Si homa tuliyoizoea. Mtu anashikwa leo, kesho hawezi kusimama, macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vyote kama vimepondwa. Wanakwenda zahanati, wanapimwa malaria, wanaambiwa hawana. Hawana, na huku wanatetemeka. Basi wanakuja dukani kwangu. Nawapa kifurushi changu kilekile, dawa ya malaria pamoja na vile vidonge vya maumivu makali, nakifunga kwenye karatasi, na maumivu yanakata siku hiyohiyo. Naona haya kusema, lakini duka halijawahi kuchangamka hivi tangu ulipomaliza shule. Mtaa mzima sasa unaniita Daktari, na mimi bila aibu naitika.

Mbu nao mwaka huu hawana adabu. Wanauma mchana kweupe, mtu yuko macho na nguo zake mwilini. Vyandarua tunavyo, lakini nani atakaa ndani ya chandarua saa sita mchana? Weusi, wana madoa meupe miguuni utadhani wamevaa soksi. Wewe uko kwenye maabara kubwa, niambie ni mbu gani hawa.

Sasa nikuchekeshe. Juzi alipita mwenzako wa kazini, kijana mrefu mwenye mkoba begani, anasema huko mnamwita Twiga. Alimkuta mama mdogo wako kibarazani, akamuuliza kama hapa ndipo kwa yule mama muuguzi mstaafu, ambaye binti yake yuko maabara. Mimi nilikuwa dukani, nikasikia kila neno. Kwa sikio zima, lile jingine lilibaki linashangaa. Nikaelewa palepale kwamba huko kazini umewaambia mama yako ni muuguzi. Basi nikafunga dirisha la duka taratibu, nikatokea mlango wa nyuma, nikaja kukaa kibarazani, miguu nimeibana kama mtu anayekula pensheni. Nikamwambia karibu mwanangu, ndiye mimi. Mama mdogo wako alikuwa ameng'ata uzi ili asicheke.

Akasema anazungukia maduka ya dawa, ana maneno ya kuwaeleza wauzaji kuhusu hii homa. Akauliza hili ni la nani. Nikamwambia mwenyewe kasafiri. Akasema, "Wewe mama huna haja ya kuelezwa, haya unayajua kuliko mimi." Basi tukaongea mengine. Amekusifu sana, anasema mikono yako haitetemeki. Kisha akaenda zake.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, sikukuaibisha. Wala sikukasirika. Zahanati nilifanya kazi kweli, ingawa ilikuwa ya kufagia na kuosha trei, na dawa nilizijua kwa kuwatazama wauguzi. Uongo wako haukwenda mbali sana.

Mama mdogo anakusalimu. Anasema gauni lako liko tayari, ukichelewa atalivaa yeye.

Ni mimi,
Mama yako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mama mdogo hajambo. Mwambie asithubutu kulivaa gauni langu, nyonga zake nazijua. Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi, sampuli zinaletwa kila siku, na tukimaliza za leo tunakuta za jana bado zinatusubiri.

Barua yako niliipata mapema. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeanza kuandika nikachana, nikaanza tena nikachana. Mama, nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Siku zile nilipoanza kazi, wenzangu walikuwa wanakunywa chai wanawasema wauza dawa wa mitaani, jinsi wanavyogawa vidonge kama karanga. Wakacheka. Kisha mmoja akanigeukia akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Neno muuguzi lilinitoka kabla sijalifikiria, na la mstaafu nikaliongeza ili wasiulize ni hospitali gani. Sikujua kama siku moja mtu atakuja mpaka kibarazani kwetu. Na sikujua kama utafunga dirisha kwa ajili yangu. Nikiwaza hapo ndipo kalamu inanishinda.

Sasa kuhusu homa. Inaitwa dengue. Imeenea si huko tu, hata nchi jirani wanahangaika nayo. Si malaria, ndiyo maana vipimo vya zahanati havioni kitu. Inaletwa na hao hao mbu wako wenye soksi. Hawa hawataki madimbwi machafu, wanataga kwenye maji safi yaliyotulia karibu na watu. Ndoo, makopo, matairi, sahani chini ya chungu cha maua, kote huko uangalie. Maji yamwagwe, na pipa lifunikwe. Chandarua peke yake hakitoshi, kwa sababu hawasubiri usiku.

Kuhusu kifurushi chako, kuna mambo ninataka kukuambia, ila nadhani ni bora tuzungumze ana kwa ana nikija mwezi ujao. Au nitamwomba Twiga apite tena akueleze vizuri. Nitaona namna ya kumwambia.

Usinifikirie vibaya, Mama.

Ni mimi,
Mwanao


19 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Mimi sijambo, mgongo tumeusahau kwanza maana kuna kazi. Barua yako nimeisoma, na sehemu ya aibu nimeiruka nikaenda kwenye mbu. Hayo mengine ni kati ya mama na mwana, yatapona yenyewe.

Nimewaamsha watu wa mtaa huu. Nilisimama kibarazani nikawaambia binti yangu kaandika kutoka maabara, maji yote yamwagwe, na yeyote mwenye ndoo wazi nitamtangaza. Gereji ya pale kona nimewafanya watoboe matairi yote waliyoyarundika. Fundi wao ananiita jenerali. Jirani wa nyuma alikuwa na maua yake kwenye chupa za maji, kazipanga dirishani kama duka la vinywaji. Ndani ya chupa viluwiluwi vinacheza tu. Alilia kuyatupa, nikamwambia maua yataota mengine.

Lakini aibu ilikuja kunishika kwangu mwenyewe. Unalijua lile kopo la mama mdogo wako, la maji ya kunyunyizia nguo akipiga pasi? Liko chini ya cherehani, kivulini, hapo kwenye miguu yake. Halimwagwi, linaongezewa tu. Nimelivuta jana, nikalitazama juani, nikaona viluwiluwi vimejaa. Amekaa na mbu mchana kutwa kila siku, anawalisha miguu yake. Mimi jenerali nimezunguka mtaa mzima, na wangu alikuwa anaumwa na mbu hapahapa.

Na kweli ameshikwa. Tangu juzi yuko kitandani kwangu, macho mekundu, analalamika mifupa, lakini mdomo ni uleule. Nilipomwambia ugonjwa wake umetoka kwenye kopo lake, akasema basi angalau ni wa nyumbani. Nimempa kifurushi. Huyu ni wangu, kwa hiyo vidonge vya maumivu nimemzidishia, nampa asubuhi, mchana na jioni, na kikiisha nafungua kingine. Vinamsaidia, akivimeza analala. Ukiisoma barua hii nadhani atakuwa ameshainuka anaisoma begani kwangu kama kawaida yake.

Twiga hajapita. Akija nitabana tena miguu.

Ni mimi,
Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii inakuja mbiombio, nimemwomba dereva asiiache ofisini, aifikishe mkononi mwako. Nimepiga simu ya mama mdogo tangu nilipoisoma yako, inaita tu hakuna anayepokea. Kama simu iko kitandani kwake, iangalie.

Usimpe tena vile vidonge vya maumivu. Hata kimoja. Wala aspirini, wala kingine chochote cha aina hiyo. Dengue inaharibu kitu kinachofanya damu igande, na vidonge hivyo vinazidisha. Mtu anaweza kuanza kuvuja damu kwenye fizi, puani, tumboni, mahali ambapo huoni. Mpe panadoli tu, kwa kipimo chake, na maji mengi. Haya ndiyo maneno ambayo Twiga alikuwa anawapelekea wauza dawa. Ndiyo aliyokuja nayo kibarazani kwetu akaondoka nayo.

Nilikuwa nayajua nilipokuandikia barua ile nyingine. Niliyaandika, kisha nikachana karatasi, nikaandika kwamba tutazungumza nikija. Niliona kama nitakuwa nakusema, kama wale waliokuwa wanakucheka kwenye chai. Na kumwambia Twiga arudi ilikuwa ni kumwambia kwamba duka ni lako. Basi nikanyamaza, nikajiambia kuna wengine watakueleza.

Mpeleke hospitali leo. Usingoje apate nafuu, maana homa ikishuka ndipo pabaya panapoanza. Na umwambie daktari alichomeza, chote, na mara ngapi. Nakuomba sana.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Salamu. Nakuandikia nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi ya wanawake. Mama mdogo wako yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako haikunikuta nyumbani. Siku ile dereva anakuja, mimi nilikuwa nimeshamleta huku, maana asubuhi alipiga mswaki beseni likawa jekundu. Dereva akamwachia fundi wa gereji, na fundi naye akaja nayo huku alipopata nafasi. Kwa hiyo niliisoma siku nyingi zimeshapita, na ninachotaka kukueleza ni hizo siku.

Tulipofika mapokezi, Twiga alikuwa hapo anakusanya damu za wagonjwa wenye homa. Alinichangamkia, akatushika mkono, akamwambia daktari, "Huyu ni mama wa mwenzetu, ni muuguzi mstaafu, atawasaidia." Daktari ni mama mmoja mfupi mwenye miwani. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake. Akaniuliza, amemeza nini huyu? Nikasema panadoli.

Sijui nikuambie kwa nini. Niliona muuguzi asingemzidishia mtu vidonge asivyovijua. Niliona jina lako liko pale mdomoni mwa Twiga. Na nilijionea haya mwenyewe, maana watu wameniita Daktari mpaka nikasahau kwamba nilizijua dawa nikiwa nimeshika ufagio.

Nisikilize mpaka mwisho. Wodini walimpa dripu na panadoli, na mifupa ilikuwa inamtesa, analia chini chini asisikike. Mimi nilikuwa na vidonge vyangu, nimevifunga kwenye leso. Saa za kuona wagonjwa, muuguzi akigeuka, nilikuwa namtia kimoja mdomoni. Ananishika mkono ananishukuru. Daktari anapita kesho yake anashangaa mbona damu haisimami, anawauliza wenzake, ananiuliza na mimi, kwa heshima kabisa, "Mama, wewe unaonaje?" Nikamwambia tuendelee kumtazama. Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa mdomo huu.

Kisha fundi akaja na barua. Niliisoma hapa kwenye benchi, leso iko mapajani. Nikaisoma tena nikidhani sikuelewa. Ndani nilimsikia mama mdogo wako anatapika, nikaingia, na alichotapika kilikuwa cheusi.

Daktari alikuwa kitanda cha pili, na wanafunzi wake wamemzunguka, na Twiga yuko nao. Nikasimama katikati ya wodi nikafungua leso. Nikasema mimi si muuguzi, sijawahi kuwa muuguzi. Nilikuwa mfagiaji wa zahanati, na sasa nauza dawa mtaani. Nikasema huyu nimempa hivi tangu siku ya kwanza, na hata humu ndani nimempa, na jana nimempa. Mmoja wa wanafunzi alitazama chini. Daktari hakunigombeza, alichukua leso yangu, akavitazama vidonge, akaanza kuwatuma watu huku na huku. Wakatafuta damu ya kumwongezea.

Twiga alibaki amesimama. Nilimwambia, mwanangu, siku ile ulipokuja, mwenye duka hakuwa amesafiri. Akasema, "Nimeelewa, mama." Basi, akatoka.

Wamemwongezea damu, na leo fizi zimekauka. Daktari anasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine. Mimi nimekataliwa kuingia wodini bila muuguzi kuwepo, na ni sawa.

Nimekuaibisha mbele ya wenzako. Ulinipa jina zuri nami nikalivua mbele za watu. Nisamehe.

Mama yako


2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Hujajibu barua yangu ya hospitali. Dereva ananiambia alikukabidhi mkononi, kwa hiyo haikupotea. Sikulaumu. Nadhani kazini imekuwa vigumu kwako, Twiga atakuwa amesema, na asiposema yeye watasema wale wanafunzi. Nikikaa hapa kibarazani nakuona unaingia kwenye chumba cha chai na watu wananyamaza.

Mama mdogo wako ametoka hospitali. Nilimweleza mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na vile vya kwenye leso?" Nikamwambia hata vile. Akageukia ukutani. Hakurudi kwangu, amekwenda kwao, kwa kaka yake. Wiki iliyopita kaka yake alikuja na mkokoteni akachukua cherehani. Amenisalimia vizuri, hana ubaya, ila hakukaa. Pale ilipokuwa cherehani sakafu ni safi, pembeni vumbi. Sijafagia.

Gauni lako alilileta huyo kaka yake, limekunjwa vizuri. Hakulituma na neno lolote.

Duka nimelifunga. Watu bado wanagonga, wanataka kifurushi. Nawaambia hakuna, nawaambia na sababu, tena nawaambia yote, ya mama mdogo wako na ya leso. Wengine wanaelewa. Wengine wanadhani nawaficha dawa nawawekea watu wangu. Juzi mmoja alisema Daktari kachoka tu, aachwe apumzike, nikamwomba asiniite hivyo.

Kinachoninyima raha ni hiki. Unamkumbuka mzee fundi saa, tuliyemzika mvua zilipoanza? Alikuwa na homa, alichukua kwangu kifurushi, akarudi akachukua kingine. Alipofariki tulisema ni presha. Na mimi nilisema ni presha, nilikuwa wa kwanza kusema. Sasa sijui. Hakuna atakayejua, na mjane wake bado ananiletea mboga.

Ukiulizwa huko mama yako anafanya kazi gani, sema hana kazi. Hilo sasa ni kweli.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui na unakula. Nimekuandikia mara mbili baada ya barua yako ya mwezi huu na hujajibu. Dereva anasema unazipokea, unamshukuru, unazitia mfukoni mwa gauni bila kuzifungua. Labda unadhani nimekuandikia ya kukulaumu. Kama hii nayo utaitia mfukoni, basi ikae huko, lakini naiandika.

Ulipoandika kutoka hospitali sikunyamaza kwa hasira. Siku ileile nilikata tiketi. Nilipanda basi, nikakaa dirishani, mkoba mapajani. Nikaanza kuwaza nitakavyoingia wodini na Twiga yupo, na daktari yupo, na wote wanajua. Basi lilipowashwa nikashuka. Mama mdogo amelala kule ameongezewa damu, wewe ulisimama katikati ya watu peke yako kwa uongo wangu, na mimi niko stendi nimeshika mkoba. Nilirudi chumbani nikajifunika kama mgonjwa. Kazini nilisema nina homa. Wakanichukua damu kunipima, Mama, na mimi nikanyoosha mkono.

Twiga hakusema. Mpaka leo hajamwambia mtu. Alikuwa ananisalimia kila asubuhi kama zamani, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Juzi tulikuwa na kikao kikubwa cha wakuu kuhusu dengue, na wageni kutoka nchi za jirani, kila mtu anaeleza kwao wamekosea wapi. Zamu ya Twiga ilipofika akaeleza jinsi dawa za maumivu zinavyoua watu, akatoa mfano wa muuza dawa mmoja, hakusema wapi wala nani. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja nyuma yangu akacheka kidogo, akasema hawa wauza vidonge hawa. Kicheko kilekile cha kwenye chai.

Nikasimama. Mikono ilikuwa inatetemeka, hii mikono anayoisifu Twiga. Nikasema muuza dawa huyo ni mama yangu. Nikasema watu wa kumweleza walifika mpaka mlangoni kwake, na walipita bila kumwambia kwa sababu mimi nilikuwa nimewadanganya kwamba ni muuguzi. Nikasema aliponikinga mimi ndipo mgonjwa alipoumia, na alipoacha kunikinga ndipo mgonjwa alipopona. Mkuu wangu akaniuliza kwa nini niliona aibu, na ukumbi wote ukangoja jibu. Nikasema sijui. Lakini najua. Vitabu vyangu vyote vilinunuliwa na vile vifurushi, kuanzia daftari la kwanza, na nilitaka watu wadhani nimejisomesha kwa kitu kingine.

Ya fundi saa siwezi kukuondolea. Nimejaribu kuandika kwamba huenda ilikuwa presha kweli, nikaona nakudanganya tena. Mimi pia sijui. Nitakwenda nawe kwa mjane wake ukitaka kwenda.

Nakuja Jumamosi. Tiketi ninayo, na nimemwambia dereva kama nitataka kushuka anifungie mlango. Twiga tunakuja naye, anasema ana maneno aliyotakiwa kumwambia mwenye duka na hajamwambia bado. Anataka ulifungue tena ukiwa unayajua, kwa sababu watu wa mtaa ule watamfuata mtu wanayemjua, hawatamfuata yeye na mkoba wake. Hilo ni lako kuamua. Kisha tutakwenda kwa kaka yake mama mdogo. Nitalivaa lile gauni. Sijui kama atatupokea.

Najua dirisha hilo sasa umelifunga mwenyewe. Lakini safari ile ulilifunga kwa ajili yangu, na hilo ndilo ninalokuja kukuomba ulifungue. Tutatokea upande wa gereji, basi linafika mchana. Ukituona, Mama, tukukute uko ndani ya duka, na dirisha liko wazi.

Ni mimi,
Mwanao